Namna ya kuchonga Arado Ar 76, ndege iliyoshindwa

Ar 76 yangu ya kwanza, mfano wa mbao wa ndege ya Kijerumani ya miaka ya 1930, ina propela pasipo pake. Niliichonga kwa wiki sita, jioni baada ya kazi, nikaipaka rangi na kuiweka rafuni kando ya Storch, ndege nyingine ya Kijerumani niliyokuwa nimeimaliza mwaka uliotangulia. Mpwa wangu, wakati huo yuko darasa la sita, akazitazama zote mbili, akauliza: "Mjomba, si ulisema hizi zina injini ya aina moja? Mbona hii propela yake iko katikati ya pua na ile iko juu?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilizitoa picha zote nilizokuwa nazo nikazipitia kwa kioo cha kukuzia. Kweli bwana, mtoto alikuwa ameona kwa dakika moja nilichokikosa kwa wiki sita.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya Ar 76 ya pili, ile iliyotoka sawa. Mimi ni seremala wa samani. Mchana natengeneza meza na makabati, usiku nachonga ndege za mfano, tena zilizoshindwa tu, yaani zilizoshindanishwa zikakosa kuchaguliwa. Zilizoshinda zimejaa madukani kwenye maboksi, sehemu zote zimekatwa tayari, umebakiziwa gundi na rangi. Iliyoshindwa unaikuta kwenye picha chache zenye ukungu na mistari miwili mitatu ya tarakimu. Hapo ndipo utamu wa kazi ulipo kwangu, na ndipo makosa yanapozaliwa.

Kabla hujagusa mbao

Jua kwanza ndege ilitakiwa ifanye nini, maana umbo lake lote limetoka hapo.

Mkataba wa Versailles wa 1919 uliinyima Ujerumani jeshi la anga. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ikaunda Wizara ya Anga, Reichsluftfahrtministerium, ambayo kila mtu huiita RLM, na jeshi likaanza kujengwa kimyakimya. Lilitangazwa hadharani Machi 1935. Katika kipindi hicho cha kujificha wizara ilitaka ndege ndogo ya kiti kimoja iwezayo kazi mbili: kuwafunza marubani wa ndege za kivita katika hatua yao ya mwisho ya masomo, na vita vikizuka, kulinda miji kwa gharama ndogo. Waliiita Heimatschutzjäger. Jäger kwa Kijerumani ni mwindaji, na ndivyo wanavyoiita ndege ya kivita mpaka leo. Kwa hiyo hii ilikuwa mwindaji wa kulinda nyumbani.

Kampuni nne zikaingia uwanjani. Focke-Wulf ya Bremen ilileta Fw 56 Stösser, kazi ya Kurt Tank, yuleyule aliyekuja kubuni Fw 190, ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia. Heinkel ikaleta He 74. Henschel, ambao jina lao lilitokana na kutengeneza vichwa vya treni kule Kassel, wakaleta Hs 121. Arado wakaleta Ar 76, iliyoruka 1934. Mkuu wa ubunifu pale Arado alikuwa Walter Blume, rubani wa Vita vya Kwanza aliyehesabiwa ushindi 28 angani. Huwa nalikumbuka hilo ninapoichonga: ndege hii ilisimamiwa na mtu aliyejua kukaa kwenye kiti kile, na bado haikuteuliwa. Fw 56 ndiyo iliyochaguliwa, ikajengwa kwa mamia. Ar 76 zilijengwa chache tu, wizara ikaziweka kama akiba, na tangu 1936 zikapelekwa kwenye shule za marubani wa kivita.

Zote nne zilitumia injini ya aina moja, Argus As 10C ya nguvu za farasi 240. Heinkel He 51, ndege ya kivita ya Wajerumani ya miaka ileile, ilikuwa na injini ya BMW VI yenye nguvu karibu mara tatu ya hiyo. Liweke hili kichwani mwako ukichukua patasi. Ar 76 ni ndege nyembamba na nyepesi, na rubani anaonekana mkubwa ndani yake. Ukimaliza kuchonga ukahisi umepata dume la vita, umekosea, rudi kwenye vipimo.

Hakikisha picha uliyonayo ni ya Ar 76

Picha za ndege hizi huzagaa zikiwa na maelezo yaliyochanganywa. He 74 haikusumbui, kwa kuwa ina mabawa ya ghorofa, moja juu na jingine chini. Hs 121 ina bawa la juu lililokunjika karibu na mwili kama bawa la shakwe anapoelea. Ilikuwa na tabia mbaya hewani, wakaibadilisha kuwa Hs 125 yenye bawa lililonyooka chini ya mwili, nayo haikununuliwa. Ukiona bawa chini, weka picha kando.

Tabu iko kwa Fw 56 na Ar 76. Zote mbili zina bawa moja lililobebwa juu ya mwili kwa mihimili kama mwavuli, injini moja, kiti kimoja cha wazi, magurudumu yasiyokunjwa. Mimi hufanya hivi: naisoma Fw 56 kwanza mpaka naijua kama makabati niliyoyatengeneza mwenyewe, kwa sababu picha zake ni nyingi na ziko wazi. Mkia wake, miguu yake, jinsi mihimili yake inavyoshuka. Halafu nikipata picha inayodaiwa kuwa ya Ar 76, naitafuta Fw 56 ndani yake. Nisipoiona, naendelea. Nikiiona hata kwenye kitu kimoja, picha inatoka kwenye faili. Ni kazi ya siku mbili hivi na inakuokolea wiki.

Tena zote hizi hupoozwa kwa hewa, hazina rejeta. Picha yenye beseni la rejeta linaloning'inia chini ya pua ni ya ndege nyingine kabisa, hata maelezo yaseme nini.

Vipimo

Nachonga kwa kipimo cha 1/48. Sababu ni ya kivivu: urefu wa Ar 76 ni mita 7.20, na 7.20 ukigawa kwa 48 unapata milimita 150 kamili. Seremala akipewa namba kama hiyo hashukuru mara mbili, anaanza kazi.

Upana wa bawa kutoka ncha hadi ncha ni mita 9.50, yaani milimita 198. Kimo ni mita 2.55, yaani milimita 53. Eneo la bawa ni mita za mraba 13.34. Wachongaji wengi huiruka hiyo namba ya mwisho kwa kuwa haipimiki kwa rula, ila kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Hapa lazima nikiri kosa la pili la ile ndege ya kwanza. Nilikuwa nimeandika vipimo vya washindani wote kwenye karatasi moja, safu kwa safu, na jicho langu likateleza mstari mmoja. Nikakata bawa la mita 10.50, ambalo ni la Fw 56. Kwa 1/48 tofauti ni milimita 21, sentimita mbili na ushee! Nilichonga mabawa ya mshindi nikayapachika kwenye mwili wa mshindwa. Siku hizi kila ndege ina karatasi yake, na namba zake naziandika kwa kalamu ya rangi yake.

Kwa vipimo visivyoandikwa popote, kama kipenyo cha gurudumu au umbali kati ya mwili na bawa, picha ndiyo rula. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni, mpigaji akiwa amesimama mbali. Ukiwa karibu, pua au mkia huvimba kutegemea uko upande gani. Jaribio langu ni magurudumu: yakionekana duara, na la mbali likafichwa karibu lote na la karibu, mpigaji alisimama sawasawa. Yakiwa mayai, achana nayo. Chapa picha, pima urefu wa ndege yote kwa milimita, gawa 150 kwa namba hiyo, na utakachopata ndicho cha kuzidishia kila kitu unachokipima kwenye picha hiyo. Fanya kwenye picha tatu na uchukue wastani. Zikitofautiana sana, moja wapo inakudanganya.

Mwili

Mwili wa Ar 76 ulikuwa fremu ya mabomba ya chuma, sehemu ya mbele imefunikwa kwa bati na ya nyuma kwa kitambaa. Kwenye mfano wako mpaka huo lazima uonekane, kwa hiyo ufikirie tangu mwanzo.

Chukua vipande viwili vya mbao laini yenye nyuzi fupi, kila kimoja urefu wa milimita 170 ili kuwe na ziada ya kushikia kwenye jiliwa. Vigundishe pamoja ukiweka karatasi ya gazeti katikati. Huu ni ujanja wa zamani wa useremala: gundi inashika vizuri vya kutosha kuchonga, lakini ukimaliza unapenyeza kisu kwenye mstari wa gazeti na vipande vinaachana bila kupasuka. Hapo unachimba nafasi ya rubani kila upande kwa raha zako, halafu unaviunganisha tena kwa gundi pekee. Mstari wa gazeti pia unakuwa mstari wako wa katikati muda wote wa kuchonga. Usiufute.

Chora ubavu upande mmoja na sura ya juu kwenye uso wa juu, kata kwa msumeno mwembamba, kisha ondoa kona kwa patasi. Kuanzia hapo unafanya kazi kwa violezo. Nakata vitano vya kadi ngumu: cha kwanza nyuma ya propela, cha pili mwisho wa kifuniko cha injini, cha tatu mbele ya rubani, cha nne nyuma yake, cha tano kabla ya mkia. Kila kiolezo ni nusu ya umbo la mwili mahali pale. Kibandike kwenye mbao na uelekeze dirishani. Kinapogusa ndipo penye mbao ya kuondoa. Mwanga unapopita, paache kama palivyo. Ondoa kidogo, rudia. Tumia tupa hadi karibu na umbo, kisha msasa namba 120, halafu 240.

Sasa pua, ambapo mimi niliaibishwa na mtoto.

As 10C ni injini ya silinda nane iliyopinduliwa. Silinda zake zinaning'inia chini, nne kushoto na nne kulia, zikiwa zimeachana kama herufi V iliyogeuzwa, na shafti inayozungusha propela iko juu yake. Waliipindua kwa sababu nzuri. Propela inapata nafasi ya kutosha kutoka ardhini bila miguu mirefu, na uso wa pua ulio mbele ya rubani unakuwa chini na mwembamba, hivyo anaona mbele. Kwako mchongaji maana yake ni kwamba mhimili wa propela unakaa karibu na mstari wa juu wa pua, na chini yake kuna nyama nyingi. Pua ina kidevu. Ukiweka propela katikati umegeuza injini kichwa chini miguu juu bila kujua, na kila anayezijua ndege hizi atacheka kimoyomoyo.

Ukikosa picha nzuri ya pua ya Ar 76, nenda kwa ndugu zake. Fieseler Storch ilitumia As 10C, na picha zake ni nyingi mno, hata zenye vifuniko vya injini vimefunguliwa. Pima pale umbali wa shafti kutoka juu na kutoka chini ya injini. Kifuniko kinaweza kutofautiana kutoka ndege moja hadi nyingine, lakini injini yenyewe haibadiliki saizi. Hii ndiyo njia ninayoitumia kwa kila ndege iliyoshindwa: mle ndani huwa kuna kitu alichokuwa nacho na mshindi, na kupitia kitu hicho unampima mshindwa.

Ukitaka silinda zionekane kupitia matundu ya hewa yaliyo mbele, tundu la kila silinda lilikuwa milimita 120, kwa 1/48 ni 2.5. Ukiongeza unene wa ukuta na mapezi ya kupooza, kijiti cha mwanzi cha milimita 3.5 kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba kinatosha. Weka mbili za mbele tu, moja kila upande. Nyingine sita hazionekani, na mimi sichongi kisichoonekana.

Kwa upande wa kitambaa, gundisha nyuzi za kushonea kwa urefu wa mwili mahali mistari inapoonekana kwenye picha, paka praima nzito mara tatu, kisha msasa 400 mpaka zibaki kama kivuli tu. Ukizigusa kwa kidole zihisike kidogo, macho yazione kwa shida. Wengi huziacha ziwe mbavu za mbwa mwenye njaa. Kitambaa halisi kilivutwa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Upande wa bati usiweke uzi wowote. Chora mipaka ya mabati kwa ncha ya sindano ukifuata rula ya chuma.

Bawa

Bawa la ndege halisi lilikuwa la mbao, limefunikwa kwa plaiwudi na kitambaa. Napenda kwamba kwa sehemu hii angalau natumia malighafi ileile.

Sasa ile namba ya eneo. Gawa 13.34 kwa 9.50 unapata 1.40, yaani wastani wa upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma ni mita 1.40. Kwenye mfano ni milimita 29. Hapo tayari unajua ukubwa wa ubao wa kutafuta. Lakini namba hii ina kazi kubwa zaidi. Chora umbo la bawa kwenye karatasi ya miraba ya milimita, ukifuata picha za kutoka chini au za pembeni kadiri unavyoweza kuona ncha zilivyoviringwa na mahali palipokatwa. Halafu hesabu miraba. Eneo halisi ukiligawa kwa 48 mara 48, ambayo ni 2,304, unapata karibu milimita za mraba 5,790, yaani sentimita za mraba 57.9. Mchoro wako ukitoa 63, umenenepesha mahali. Ukitoa 52, umekula ncha au umekata nafasi ya rubani kupita kiasi. Mchoro wangu wa kwanza ulitoa 61. Nikarudi kwenye picha nikagundua nilikuwa nimezifanya ncha za mraba mno. Nilipoziviringa nikapata 58.2, nikaachia hapo.

Hakuna picha itakayokwambia hivyo. Eneo la bawa lilipimwa na watu wenye ramani za kiwandani mbele yao, na wamekuachia jibu bila hesabu. Kazi yako ni kutafuta hesabu inayofika kwenye jibu lile.

Chonga bawa kama kipande kimoja, nyuzi za mbao zikienda ncha hadi ncha. Unene katikati mimi nilikadiria milimita 4, ukipungua kuelekea nchani. Anza na uso wa chini, ulio rahisi, kisha upindo wa juu kwa randa ndogo, ukimalizia kwa msasa uliobandikwa kwenye kibao bapa. Msasa wa mkononi unatengeneza mabonde. Mstari wa viwiko, yaani vipande vinavyosogea kwenye ukingo wa nyuma karibu na ncha, uchonge kwa kisu kabla ya praima na uusafishe baada yake.

Kulibeba bawa

Hapa ndipo mifano mingi ya ndege za mwavuli inapofia. Bawa haligusi mwili. Linabebwa na mihimili mifupi katikati na mirefu inayotoka pembeni ya mwili, na kosa la milimita moja kwenye mhimili mmoja linaifanya ndege nzima ionekane kama imevunjika shingo.

Kosa la kawaida ni kukata mihimili kwanza kwa kipimo, kuigundisha mwilini, kisha kulitua bawa juu. Usifanye hivyo. Tengeneza kiti cha kushikilia: kibao bapa, juu yake vitalu viwili vilivyochongwa kufuata tumbo la mwili ili ndege isimame wima na isitikisike, na vitalu vinne virefu vya kimo sawa vinavyolibeba bawa mahali pake kamili angani, kana kwamba mihimili haihitajiki kabisa. Pima kimo hicho kwenye picha ya ubavu mara tatu. Angalia pia picha ya mbele kuona kama ncha zimeinuka.

Kisha pima kama unavyopima fremu ya mlango. Funga uzi kwenye pini iliyo mwisho wa mkia, uvute mpaka ncha ya bawa la kushoto, uweke alama, uhamishie kulia. Zikitofautiana zaidi ya nusu milimita bawa limepinda kwa mbele. Sogeza, pima tena. Simama mbele ya pua, fumba jicho moja, linganisha bawa na mkia wa mlalo kwa macho. Vyote viwili viwe sambamba. Nenda kanywe maji, rudi, angalia tena. Macho yaliyochoka hukubali chochote.

Bawa likishakaa, ndipo mihimili inakatwa kwa kujaza nafasi iliyopo, mmojammoja. Hesabu idadi na mielekeo yake kwenye picha, usikisie kwa kuangalia ndege nyingine. Natumia mianzi iliyopasuliwa, kwa kuwa haipindi na nyuzi zake zinakubali kuchongwa umbo la tone, mbele duara na nyuma kali. Kila ncha naichoma pini ya waya wa shaba wa milimita 0.5 inayoingia kwenye tundu la keekee ndogo. Kwanza mifupi ya katikati, siku moja ikauke. Kesho yake mirefu ya pembeni, kushoto na kulia kwa zamu. Usitoe vitalu mpaka siku ya tatu.

Mara ya kwanza nilipoitoa kwenye kiti chake sikupumua. Lilisimama.

Yaliyobaki, haraka

Propela ni ya mbao yenye panga mbili. Iache izunguke. Magurudumu unaweza kuyakata kwa kuchongea kijiti kwenye keekee inayozunguka, ukikishikia tupa upande mmoja. Miguu iwekee waya wa chuma ndani, maana uzito wote unakaa hapo.

Silaha: ya vita ilibeba bunduki mbili za MG 17 za milimita 7.92, risasi 250 kila moja, na ya shule ilibeba moja. Mdomo wa bunduki hiyo kwa 1/48 ni chini ya milimita 0.2, kwa hiyo tundu la sindano linatosha, na anayeweka bomba nene kama la mtutu wa meli anajifurahisha mwenyewe. Kulikuwa pia na uwezo wa kubeba mabomu matatu ya kilo 10. Sikuyaweka.

Ndani ya chumba cha rubani weka kiti, mkanda wa karatasi, fimbo ya usukani na ubao wa saa. Kioo cha mbele kata kwenye plastiki ya vifungashio.

Rangi na alama

Picha ni nyeusi na nyeupe, na filamu nyingi za siku zile hazikuiona rangi nyekundu, ikatoka karibu nyeusi. Usisome rangi moja kwa moja kutoka kwenye weusi wa picha. Mimi nilitumia kijivu chepesi chenye ukijani kidogo, tabaka nne nyembamba, kwa kuwa kijivu kilitumika sana kwenye ndege za Ujerumani za wakati ule. Upande wa bati nikaung'arisha kidogo, upande wa kitambaa nikauacha umefifia. Tofauti hiyo peke yake inaeleza fremu ya chuma iliyo ndani kuliko mistari yote ya sindano.

Usajili nao unasema mengi. Kwa kuwa jeshi lilikuwa bado halijatangazwa, ndege za majaribio zilibeba namba za kiraia. Tangu 1934 zilikuwa herufi D, kistari, na herufi nne, na ya kwanza kati ya hizo nne ilionyesha kundi la uzito. Ar 76 iliyojaa ilikuwa na kilo 1,070, ikaangukia kundi la herufi I. Ukiona mchoro wa Ar 76 umeandikwa D-E kitu, mchoraji alibuni. Andika tu usajili unaousoma kwa macho yako kwenye picha.

Mkiani, kati ya 1933 na Septemba 1935, upande wa kulia ulikuwa na mistari mitatu, mweusi, mweupe na mwekundu, na wa kushoto ulikuwa na swastika kwenye duara jeupe juu ya mkanda mwekundu. Baadaye swastika ikawekwa pande zote mbili. Kwa ndege ya 1934 nakushauri uichore ya wakati wake na uigeuze rafuni upande wa kulia uwe nje, ndivyo nilivyofanya. Na kama unapeleka mfano wako kwenye maonyesho Ujerumani, jua kwamba kifungu 86a cha sheria yao ya jinai kinazuia kuonyesha alama ile hadharani, isipokuwa kwa sababu kama za elimu, sanaa au historia. Waulize waandaaji kabla hujafunga mzigo.

Baada ya alama kukauka, tabaka moja jembamba la vanishi isiyong'aa, kisha propela inapachikwa mwisho kabisa, juu kwenye pua, pale pake.

Ile ya kwanza sikuitupa. Inaning'inia kwa uzi juu ya benchi langu, na bawa lake la mita 10.50 na pua yake iliyogeuzwa. Mpwa wangu sasa yuko sekondari, na kila akiingia karakana anaisukuma kwa kidole izunguke, anaiita Stösser ya mjomba.